Kitanda cha Mlevi Kilipiwe na Nani?

Mzee ye yote wa Kilimanjaro aliyepita miaka sabini ajua maana ya kusema kwamba fulani amepelekwa Kibong'oto. Maana yake ilikuwa kwamba mtu huyo ameshikwa na kifua kikuu, na kwamba hataonekana kijijini kwa miezi mingi. Hospitali hiyo, iliyo upande wa magharibi wa mlima, katika Wilaya ya Siha ya leo, ilianzishwa mwaka 1926, wakati ambapo dawa ya ugonjwa huo ilikuwa haijapatikana bado po pote duniani. Tiba yenyewe ilikuwa kitanda, chakula, hewa ya mlimani na muda. Watu waliwaogopa wagonjwa hao, wakawasengenya, na wako waliosema kwamba wamejitakia kwa ulevi na uchafu. Hata hivyo Kibong'oto haikufungwa. Na mwaka 2009, ilipoanzishwa hapo tiba ya kifua kikuu sugu, wagonjwa walilazwa miezi kadhaa kwa gharama ya umma, wala hakuna aliyeambiwa aende kwanza akauze ng'ombe.

Twaikumbusha habari hiyo kwa sababu leo, juu ya mlima huohuo na katika mji wa Moshi ulio chini yake, upo ugonjwa mwingine unaotaka kitanda, chakula na muda, na ambao mgonjwa wake huambiwa hasa hivyo: nenda kauze ng'ombe. Ugonjwa huo ni uraibu. Twautaja kwa jina hilo, na tutaendelea kuuita ugonjwa, ijapokuwa twajua kwamba wako wasomaji wetu watakaonuna.

Tusichanganye mambo. Mjini, katika vichochoro vya karibu na stendi na masoko, shida kubwa ni unga, yaani heroini, unaouzwa kwa kete na kutumiwa na vijana ambao mitaani huitwa mateja. Unga huo haukulimwa hapa. Umevuka Bahari ya Hindi ukatokea pwani, kisha ukapanda na barabara. Mirungi nayo imelimwa katika mkoa wetu wenyewe, huko Upareni, Wilaya ya Same, ambako Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imekuwa ikipanda milima kuing'oa. Lakini mlimani, kuanzia Machame na Kibosho mpaka Marangu na Rombo, adui mkubwa zaidi hatoki ng'ambo wala haoteshwi kwa siri. Ni pombe.

Hapo twataka tueleweke vema. Hatusemi neno juu ya mbege inywewayo kwa kipimo. Mbege ni ndizi mbivu zilizochemshwa na kuachwa siku kadhaa, zikatiwa togwa la kimea cha ulezi na uchungu wa gome la msesewa. Ni kinywaji na nusu yake ni chakula, na pasipo mbege mahari hazizungumzwi wala ugomvi wa kihamba haupatanishwi. Wazee waliokunywa kata moja wakati wa jioni, wakiwa wamekaa kwa heshima, hawakuwa walevi. Kilichoharibu ni vinywaji vikali kushika mahali pa mbege. Gongo ilikuja zamani. Sheria ya mwaka 1966 iliyokusudiwa kuidhibiti pombe hiyo ya kuchemshwa iliipa jina la "moshi", na wenyeji wa mji wetu wamestahimili mzaha wa jina hilo tangu siku hiyo. Kisha vikaja viroba, pombe kali iliyotiwa katika vifuko vidogo vya plastiki, ambavyo mwanafunzi aliweza kuvificha ndani ya soksi. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi, 2017, baada ya Waziri Mkuu kulitangaza jambo hilo huko Mirerani, na ilifanya vema. Bali marufuku huondoa kifuko dukani. Haiondoi kiu katika mwili wa mtu aliyekwisha kuzoea. Watu hao wako, na wengi wao tunawajua kwa majina na majina ya baba zao.

Tumfikirie mzazi mmoja wa mlimani, ambaye hatutampa jina kwa kuwa wako wengi. Ana kihamba cha ekari moja, migomba, mikahawa iliyozeeka, ng'ombe mmoja wa maziwa. Kijana wake wa miaka ishirini na minane alikuwa fundi mzuri wa magari mjini, sasa anakunywa tangu asubuhi. Amekwisha kuuza vyombo vyake vya kazi, ameuza simu ya dada yake, na wiki iliyopita aliuza bati la banda. Mzazi huyu amemleta kwa mchungaji, amemleta kwa mjomba, amempeleka polisi. Mwisho mtu anamwambia kwamba zipo nyumba za upataji nafuu, zile ambazo watu huziita soba, ambako kijana atakaa miezi minne au sita mbali na pombe. Mzazi anafurahi. Anauliza kiasi cha ada ya mwezi mmoja, na furaha inakatika hapo. Akiuza ng'ombe atalipa miezi miwili. Mwezi wa tatu kijana atarudi nyumbani, wala hapatakuwa na maziwa.

Nyumba hizi nyingi ni za watu binafsi au vyama vya hisani, na nyingine zimeanzishwa na watu ambao wenyewe walikuwa wateja wa unga au chupa, wakapona, wakawarudia wenzao. Kazi hiyo ni ya heshima kubwa. Pwani yote ya Afrika ya Mashariki imejifunza kwa watu wa namna hiyo: huko Malindi, nchini Kenya, Mradi wa Omari ulianza kuwahudumia watumiaji wa heroini mwaka 1995, na Unguja nako nyumba hizo zimeenea zikiongozwa na waliopata nafuu wenyewe. Lakini nyumba inayoishi kwa ada haina budi kupokea wenye ada. Haiwezi kufanya vinginevyo, maana mchele haununuliwi kwa huruma. Ndiyo sababu mtoto wa mfanyabiashara hupata nafasi mara tatu, na mtoto wa kibarua hapati hata mara moja.

Wako watakaouliza: kwa nini alazwe? Kwani hawezi kuacha akiwa nyumbani kwake? Swali hili ni la haki, na jibu lake ni la mwili kuliko la moyo. Mtu aliyekunywa pombe nyingi kila siku kwa miaka, akiacha ghafla, huweza kutetemeka, kuona visivyokuwapo na kushikwa na kifafa katika siku mbili tatu za kwanza, na wengine hufa. Kwa hiyo ile desturi ya kumfungia mlevi chumbani ili pombe imtoke, ambayo wazazi wengi huifanya kwa upendo, yaweza kumwua. Mtumiaji wa heroini naye hushikwa na arosto kabla siku moja haijaisha: mifupa inauma, anatapika, anaharisha, hapati usingizi. Arosto hiyo kwa kawaida haiui, na baada ya wiki moja hivi hupungua. Hatari yake huja baadaye. Mwili uliopumzika umeusahau unga. Basi kijana akirudi kijiweni na kutumia kiasi kilekile alichokizoea zamani, anaweza kulala asiamke tena. Kumtoa mtu arosto kwa wiki moja na kumrudisha mtaa uleule siyo tiba. Ni kumwandalia ajali. Miezi ile ya kukaa mbali, kula kwa saa, kufanya kazi, kulala usiku na kuzungumza na waliotangulia, hiyo ndiyo tiba yenyewe, kama ilivyokuwa hewa ya Kibong'oto.

Tena yafaa tuseme ukweli wote. Si kila mraibu anahitaji kulazwa. Kwa watumiaji wa heroini iko methadoni, dawa ambayo mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mwuguzi, akaenda zake kazini. Nchi yetu ilianza huduma hiyo Muhimbili mwezi wa Februari, 2011, ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kusini mwa Sahara, na baadaye ikaeneza vituo mpaka Dodoma, Mbeya na Mwanza. Hiyo ni sifa ambayo hatuisemi ya kutosha. Mahali penye methadoni, mtu wa heroini aanzie huko. Ni rahisi zaidi, na watu wengi zaidi watafikiwa. Bali methadoni haimsaidii mnywaji wa gongo wa Mashati au Kibosho. Huyo hana dawa ya kunywa kila asubuhi ikachukua mahali pa chupa yake. Na katika mkoa huu ndiye aliye mwingi.

Jambo jingine ni kwamba huduma ya methadoni ilianza kwa msaada mkubwa wa fedha za Marekani. Tulizipokea kwa shukrani. Lakini mwezi wa Januari, 2025, Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na kila huduma ya afya katika Afrika iliyokuwa imeegemea fedha hizo ilitikisika. Mgonjwa anayetakiwa kunywa dawa kila siku hawezi kungojea siku 90. Twasema hivi bila kumlaumu mtu: jirani aliyekuazima jembe ana haki ya kulichukua msimu wa kulima. Kosa ni la mwenye shamba ambaye hakununua la kwake.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo makala nyingi za jambo hili hukimbia.

Fedha ipo, na chanzo chake ni pombe yenyewe. Kila chupa ya bia na ya pombe kali inayouzwa kwa halali hutozwa ushuru wa bidhaa. Mjini Moshi penyewe pana kiwanda cha bia. Leseni za kuuza vileo, chini ya sheria ya mwaka 1968, hutolewa na Halmashauri zetu, nazo hupokea ada yake. Maana yake ni kwamba Serikali Kuu na Serikali za Mitaa zote mbili zina fungu katika chupa. Hatusemi kwamba ni vibaya kutoza. Twasema kwamba anayekula faida ya chupa asikatae gharama yake. Thailand ilianzisha mwaka 2001 mfuko wa kuimarisha afya kwa kuongeza asilimia 2 juu ya ushuru wa pombe na tumbaku, na nyongeza hiyo hulipwa na viwanda na waagizaji, haichukuliwi kutoka mfuko wa shule wala wa maji.

Lakini hatuna haja ya kusafiri mbali hivyo. Watu wa Kilimanjaro ndio wasiotakiwa kufundishwa jambo hili na mtu. Chama kikuu cha ushirika cha KNCU kilianzishwa mwaka 1933, na katika miaka iliyofuata zao la kahawa lilikatwa ushuru ambao ulisaidia kujenga shule mlimani. Mkulima aliyekatwa hakuwa tajiri. Alikubali kwa sababu aliiona shule. Leo pia Halmashauri zote za nchi hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mujibu wa sheria iliyopitishwa mwaka 2018. Basi kutenga fungu kwa kazi maalum si jambo geni wala gumu. Mkoa wetu una Halmashauri saba: Manispaa ya Moshi, Moshi, Hai, Siha, Rombo, Mwanga na Same. Tuseme kila moja itenge sehemu ya ada ya leseni za vileo iingie katika mfuko mmoja wa mkoa. Serikali Kuu nayo iongeze sehemu kutoka ushuru wa pombe, pamoja na kiasi cha mali zinazotaifishwa kwa wauzaji wa unga. Ni haki kabisa kwamba gari la mwuza unga liwalipie kitanda wale aliowauzia.

Wala Serikali isilazimike kujenga majumba mapya. Hapa napo mlima una funzo lake. Hospitali za makanisa katika mkoa huu, Machame, Kilema, Kibosho, Huruma huko Rombo, zimefanya kazi miaka mingi kwa kushirikiana na Serikali, nayo Serikali imetoa watumishi na ruzuku pasipo kuziondoa mikononi mwa wenyewe. KCMC yenyewe, iliyofunguliwa mwaka 1971, ilianzishwa na shirika la makanisa lililojiita Msamaria Mwema. Sisi tuliosomeshwa katika shule za misheni tuliikariri hadithi hiyo mpaka tukaichoka, na pengine ndiyo sababu tuliipita sehemu yake moja bila kuiona. Msamaria hakumfunga majeruhi vidonda na kumwacha njiani. Alimpeleka katika nyumba ya wageni, akamlipa mwenye nyumba dinari mbili, na akaahidi kulipa zaidi ikihitajika. Mwenye nyumba hakuombwa atoe bure. Utaratibu wa ruzuku, basi, tunao. Utumike kwa nyumba za upataji nafuu: nyumba iliyokaguliwa na kusajiliwa ilipwe kwa kila kitanda cha mgonjwa asiye na uwezo, aliyeandikiwa na mganga wa hospitali ya Mawenzi au ya wilaya.

Tumesema iliyokaguliwa, na neno hilo hatukulitia kwa mapambo. Hatutaki shilingi moja ya umma iende kwa nyumba inayomfunga mtu minyororo, au inayompiga, au inayomnyima chakula ikaita jambo hilo kumtia adabu. Hatutaki ilipwe nyumba isiyo na mwuguzi, kwa sababu tumekwisha kueleza jinsi mlevi anavyoweza kufa katika siku tatu za kwanza. Mgonjwa aingie kwa ridhaa yake, aruhusiwe kuonana na ndugu zake, na mganga awe na haki ya kuingia siku yo yote pasipo kupiga hodi mara mbili. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 na sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 zimekwisha kuweka msingi. Fedha ndiyo itakayoyatia meno masharti haya, maana nyumba isiyopokea cho chote kutoka kwa Serikali haina sababu ya kuiogopa.

Na wanawake wasisahauliwe. Nyumba nyingi zimejengwa kwa kufikiria wanaume. Mama anayekunywa hufichwa na ukoo wake mpaka ini linapomwisha, na akitafutiwa nafasi huulizwa watoto atamwachia nani. Mpango wa mkoa usio na vitanda vya wanawake, na mahali pa mtoto anyonyaye, tutaukataa hata ukiletwa umepambwa.

Kuna pingamizi moja ambalo tumelisikia mara nyingi, tena kwa watu tunaowaheshimu: mtu huyu alijitakia mwenyewe, kwa nini mkulima mwenye kiasi amlipie? Tunalijibu kwa kuuliza. Kijana wa bodaboda aliyekimbia mno akavunjika mguu barabara ya Marangu, alijitakia. Mbona anafungwa plasta? Mzee aliyevuta tumbaku miaka arobaini alijitakia, mbona analazwa? Tukianza kuwapima wagonjwa kwa makosa yao mlangoni, wodi za Mawenzi zitabaki na watoto wachanga tu. Tena mkulima huyu mwenye kiasi analipa hata sasa. Anamlipa mlevi katika bati lililoibwa, katika mke aliyepigwa, katika watoto walioacha shule, na katika vitanda vya majeruhi KCMC. Analipa kwa njia iliyo ghali kuliko zote, na hapati kitu.

Wengine husema kwamba hao hurudia tu. Ni kweli, wengi huteleza, baadhi yao mara mbili au tatu kabla ya kusimama. Mgonjwa wa shinikizo la damu naye huacha vidonge vyake, akarudi hospitali mdomo umepinda, wala hafukuzwi. Twadhani kwamba aliyeteleza hasa ndiye asiyeweza kulipa tena, kwa kuwa ng'ombe aliuzwa mara ya kwanza. Kwetu mlimani mtu aliyekosa akija na jani la sale mkononi, aliyekosewa hamfungii mlango. Desturi hiyo haikuweka hesabu ya mara ngapi.

Tungependa pia kuona kwamba atokaye hatoki mikono mitupu. Ile asilimia 10 tuliyoitaja ina fungu la vijana. Fundi wetu wa magari aliyeuza vyombo vyake hawezi kuanza tena pasipo spana, na kijana asiye na kazi atakaa pale walipo wasio na kazi, yaani kilabuni. Halmashauri ikitaka, vikundi vya waliopata nafuu vyaweza kukopeshwa kama vikundi vingine, kwa dhamana ya nyumba iliyowatunza.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Wabunge wa mkoa huu, wa mjini na wa mlimani, waulize wazi Bungeni kama kitanda cha mraibu kimo katika kitita cha huduma au hakimo, na kwa siku ngapi. Jibu la "linafikiriwa" lisikubaliwe, kwa sababu miezi minne ya tiba haifanani na siku tatu za malaria, na bima isiyotaja idadi ya siku haijataja kitu.

Madiwani nao wanakaa kupitisha makisio kati ya Januari na Machi. Wananchi wa kata zote, kuanzia Njoro na Pasua mpaka Tarakea, wamwulize diwani wao swali moja kabla ya kikao hicho: mwaka jana Halmashauri yetu ilipokea shilingi ngapi kwa leseni za vileo, na kati ya hizo ngapi zilikwenda kumtibu mtu aliyeharibiwa na vileo? Tarakimu hizo mbili ziandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata, mahali pa watu wote kusoma. Sisi katika gazeti hili tuko tayari kuzichapa za Halmashauri zote saba, moja chini ya nyingine.